Mwenyekiti wa Viti Vitupu

Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa na habari ya ndege. Walikuwa na habari ya chumba cha uzazi, mkunga aliyekwisha kukunja mikono ya nguo, na mzazi anayejifunika kwa haya huku mtoto yuataka kutoka. Maana yake si ngumu: mwenye shida akiificha kwa kuogopa aibu, hata msaada uliosimama mlangoni hauwezi kumfikia. Mombasa methali hii husemwa sana, na husemwa zaidi kuwahusu watu wengine. Nasiha Muhdhar aliijua tangu utotoni, na shuleni aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuitii ni jingine.

Nasiha alikuwa fundi wa ndege mwenye leseni. Kila alfajiri alitoka kwao Kibokoni, akavuka daraja la Makupa kwenda uwanja wa ndege, na huko karakanani hakuna injini iliyoondoka bila ya yeye kuikagua. Kazi hiyo haikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni chama. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la Mombasa la Chama cha Wataalamu wa Anga, chenye makao makuu Nairobi, kinachowaunganisha marubani, mafundi, waongoza ndege, watabiri wa hali ya hewa na kila mtu ambaye riziki yake iko mawinguni.

Tawi hilo alilipigania mwenyewe. Alipokwenda Nairobi kuliomba, bwana mmoja mwenye tai nyekundu alicheka akasema kuwa watu wa pwani watakaa barazani wanywe kahawa, chama kife kabla ya buni kwisha. Nasiha alisimama mbele ya mkutano mzima akasema, "Tupeni tawi, kisha mtatuona." Wakampa. Kuanzia siku hiyo bwana wa tai nyekundu alihamia kichwani mwake na hakulipa kodi.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi ulio juu ya duka moja la vinyago katika mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale. Watu walijaa hadi ngazini. Vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni walipata wa kuwafundisha, na mafundi wazima walipata masomo yale ambayo zamani iliwabidi kuyafuata Nairobi ili leseni zao zisife. Mkutano wa pili ulipata nusu ya watu. Kisha ikaja mvua, ikaja Ramadhani, zikaja zamu za usiku na harusi za Jumamosi, mpaka ikafika siku Nasiha alipopanga viti vyote akaja mtu mmoja tu: Mzee Abdulbasit, mhandisi wa ndege aliyestaafu, aliyekaa kichochoro cha pili kutoka hapo ukumbini. Mzee huyo alikuja kwa ajili ya kahawa na halua, na kabla ya mada kwisha alikuwa akikoroma.

Siku hiyo Nasiha angeweza kusema ukweli na mambo yakaishia hapo. Lakini alilelewa katika nyumba ya sitara, nyumba ambayo hata sufuria likiungua dirisha hufungwa jirani asisikie harufu. Akakiwaza kicheko cha yule bwana wa tai nyekundu. Akatoa simu, akaandika katika kundi la wanachama: "Alhamdulillahi, mkutano wa leo umefana. Wanachama wamejitokeza kwa wingi. Ambao hamkuja mmekosa utamu." Nairobi nako akapeleka taarifa kama hiyo. Mwezi uliofuata akafanya vivyo hivyo, na uliofuata pia. Uongo ni mgeni mwenye tabu. Ukimpa mkeka leo, kesho ataomba mto.

Alhamisi moja, Nasiha akiwa chini ya bawa la ndege, simu ililia. Alikuwa Injinia Awiti, katibu mkuu wa chama.

"Bi Nasiha, hujambo? Tawi lako linasifika sana huku," alisema Awiti. "Jumamosi mna mkutano wa mwaka, nami nakuja niuone kwa macho yangu. Matawi mengine mawili tumeyafunga kwa kukosa akidi. Katiba unaijua: wakikosekana wanachama kumi na watano ukumbini, tawi linavunjwa papo hapo."

"Karibu sana, Injinia," alijibu Nasiha, na sauti yake ilikuwa tamu kiasi cha kumshangaza mwenyewe. "Wasiwasi wetu ni viti tu, maana watu huwa hawaenei."

Simu ilipokatika alikaa juu ya sanduku la vifaa. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Aliwahesabu wanachama ambao angeweza kuwapigia, na kila jina alilolifikia lilimtia hofu mpya. Angewaambia nini? Kwamba mikutano ile iliyofana haikuwapo? Afadhali sakafu ya karakana ipasuke immeze.

Jioni, nyumbani, mama yake Bi Mwanakuu alimwekea mkate wa mofa na mchuzi wa samaki. Nasiha aliumega mkate, akauchovya, akaurudisha sahanini. Mama akamtazama mara moja tu.

"Una nini, mwanangu? Chakula wakichezea kama mtoto."

Nasiha akamweleza yote, maana kwa mamake hakuwa na pazia. Bi Mwanakuu alikuwa bingwa wa shughuli Kibokoni. Harusi iliyopungukiwa na watu iliitiwa yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa faraja.

"Ni hilo tu? Wataka watu? Watu si tabu! Harusi ya Mejumaa, upande wa bwana walikuja watu wanane na mtoto wa kubebwa. Nani alojua? Nilijaza ukumbi hata pa kuvulia viatu pakakosekana."

"Mama, huu ni mkutano wa wahandisi."

"Kwani wahandisi wana pembe? Watakaa, watanyamaza, watavaa vizuri."

"Na wakiulizwa?"

"Waseme alhamdulillahi. Nani atauliza zaidi ya hapo? Aibu ya nyumba haitolewi nde, Nasiha. Hufunikwa."

Nasiha alijua kwamba jambo hilo halifai. Lakini mtu anayezama hachagui kamba, na usiku huo alipata usingizi kidogo.

Ijumaa ilikuja na mambo yake. Katika karakana kulikuwa na ubao mkubwa uliochorwa umbo la kila kifaa: spana katika umbo la spana, koleo katika umbo la koleo. Kazi ikimalizika kila kifaa hurudishwa mahali pake, na umbo moja likibaki tupu, ndege hairuki hata kama abiria wake ni mfalme. Alasiri hiyo ndege ya watalii ilikuwa tayari kabisa, abiria wamekwisha kupanga foleni, Morris alipomjia Nasiha. Morris alikuwa fundi wa miaka mingi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

"Bi Nasiha, bisibisi fupi siioni," alisema. "Nadhani nimeisahau ndani ya bawa. Ni mimi, si mwingine."

Abiria walirudishwa kukaa. Msimamizi wa safari alipiga kelele mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Bawa lilifunguliwa kipande kwa kipande, na bisibisi ikapatikana imelala juu ya nyaya zinazoongoza bawa, imetulia.

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua," msimamizi alimfokea Morris.

"Ndege ingejua," alijibu Morris.

Nasiha alimpiga Morris begani, akawageukia mafundi wote. "Mmemwona? Anayesema nimekosea ndiye fundi. Anayeficha ndiye anayeua." Aliyasema kwa sauti kubwa, na maneno yalipokwisha kutoka masikio yake mwenyewe yakayasikia. Uso ukamwaka moto. Akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Mtu angedhani hapo ndipo alipozinduka. Wapi! Dawa ya mwenzako ni rahisi kuikoroga, yako ndiyo chungu. Alipotoka kazini alipita sokoni kununua maji ya matunda kwa ajili ya wageni wake wa bandia.

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, jamaa wa Bi Mwanakuu waliingia ukumbini wakinukia udi, buibui zimepigwa pasi, chupa za chai mikononi. Mejumaa, binamu yake Nasiha, alikagua kila pembe kisha akauliza kwa sauti, "Bibi harusi yu wapi?"

"Hapana bibi harusi!" Bi Mwanakuu alimkemea. "Kaa hapo. We ni mtabiri wa hali ya hewa."

"Na mimi?" aliuliza mwingine.

"We ni rubani."

"Mimi? Mimi hata lifti naiogopa!"

Walicheka wote isipokuwa Nasiha. Yeye alikuwa akizunguka kati ya viti, akinyoosha mistari iliyokwisha kunyooka. Mzee Abdulbasit alikwisha kufika na halua yake iko pajani. Alikuwa ndiye shahidi pekee wa ile mikutano mitupu, na kwa sitara yake hakuwahi kumwambia mtu. Alitazama wale wanawake, akamtazama Nasiha, akafumba macho.

Ndipo Oloo alipotokea mlangoni. Alikuwa mwongoza ndege, na kwa jina alikuwa katibu wa tawi, lakini hakuwa ameonekana tangu kabla ya Ramadhani. Alisimama pale kama mtu aliyechelewa kwenye mazishi.

"Mwenyekiti, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikosa mkutano mmoja kwa ajili ya zamu, nikakosa wa pili. Kisha kila mwezi nasoma kwamba mmejaa, mambo yamefana. Nikajiambia, Oloo, mtoro ni wewe peke yako, utauweka wapi uso wako? Basi nikaona haya kurudi."

Nasiha alimvutia kiti.

"Na si mimi tu," Oloo aliendelea. "Majuzi nilikutana na Beverly wa hali ya hewa, akanieleza hayo hayo. Alisema kama watu wanajaa bila yeye, basi hana haja. Hussam naye alisema hivyo hivyo. Lakini naona kweli mnajaa. Hawa akina mama wote ni wanachama wapya?"

"Ni wa zamani sana, mwanangu," Bi Mwanakuu alidakia.

Nasiha alishika mgongo wa kiti. Mwaka mzima aliamini kwamba wenzake wamemtupa, na kwa hasira na huzuni aliwafichia wasione alivyotupwa. Kumbe yeye ndiye aliyewafungia mlango, kwa kuwatangazia kila mwezi kwamba ndani hamna nafasi. Kila mmoja alikaa kwake akidhani kwamba aibu ni yake peke yake. Alitamani kulia, lakini nyayo zilikuwa zikipanda ngazi.

Injinia Awiti aliingia akihema, mkoba begani. Alipouona ukumbi uso ulimchangamka. "Mashallah! Nairobi hawataamini." Akamgeukia Mejumaa, aliyekuwa karibu. "Habari yako, dada? Wewe uko idara gani?"

Mejumaa alimtazama Nasiha. Katika macho yale Nasiha aliona kwamba binamu yake yuko tayari kusema lolote, kutia dhambi shingoni mwake, kwa ajili ya jamaa tu. Midomo ya Mejumaa ilikwisha kufunguka.

"Huyo ni binamu yangu," alisema Nasiha.

Awiti akamgeukia.

"Huyo ni binamu yangu, Injinia, na hawa ni shangazi zangu na jamaa zangu. Si wanachama. Niliwaleta wajaze viti. Taarifa nilizokuwa nikikuletea ni za uongo. Tawi halina watu."

Bi Mwanakuu aliinuka, uso umemsawijika, akasema neno moja tu, "Twendeni," na wanawake wote wakamfuata ngazini na chupa zao za chai. Awiti alikaa polepole kwenye kiti kilichokuwa cha Mejumaa.

"Basi hakuna akidi," alisema, na sauti haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza Nasiha zaidi. "Tawi limevunjika."

"Bado," alisema Oloo. "Katiba inaruhusu saa moja ya kungoja."

"Inaruhusu saa moja. Haiongezi dakika."

Nasiha alitoa simu. Alifungua kundi la wanachama, akabonyeza sehemu ya kurekodi sauti na kusema: "Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ni Nasiha. Nimekuwa nikiwaambia kwamba mikutano inajaa. Niliwadanganya. Ukumbi ni mtupu tangu Ramadhani ilipokwisha, nami niliona haya kuwaambia. Hapa sasa tuko mimi, Oloo na Mzee Abdulbasit. Tusipofika kumi na watano katika saa hii, tawi linafungwa. Sina ujanja mwingine. Nawahitaji. Njooni."

Akautuma ujumbe huo. Alama zikaonyesha kwamba mmoja ameusikiliza, kisha wengine, kisha wengi. Hakuna aliyejibu. Nasiha aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka macho yakamwuma. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mwaka wote uliopita. Aliwaza kwamba sasa wanamcheka majumbani, wanapelekeana sauti yake. Oloo alikwenda dirishani akarudi. Awiti alitazama saa yake, akaificha kwa adabu. Nusu ya muda ilipita, na aliyesikika ni Mzee Abdulbasit tu, anakoroma.

Kisha ngazi zikalia. Beverly aliingia mbio, amemshika mwanawe mkono, mtoto ana kipande cha mhogo wa ufukweni Mama Ngina mdomoni. "Kumbe si mimi peke yangu!" alisema kabla hata ya salamu. "Mwaka mzima napita njia ya nyuma ili nisikutane nanyi!"

Nyuma yake alikuja Hussam, mpiga picha wa angani, na ndege yake isiyo na rubani ndani ya begi. Alikuja rubani mmoja bado amevaa sare. Alikuja Kombe wa mitambo ya rada amevaa viatu visivyolingana, maana alivivaa mbio akitoka. Hawakujibu kwenye simu kwa sababu walikuwa njiani. Kila aliyeingia alimwona aliyemtangulia, akashangaa, akacheka, na aibu zao zikayeyuka hapo hapo kwa kukutana. Oloo alikuwa akihesabu kwa sauti. Walipofika kumi na wanne, hesabu ilisimama.

"Na huyu anayelala naye mnamhesabu?" aliuliza Awiti.

"Katiba haisemi lazima awe macho," alijibu Oloo.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nasiha aliomba kimoyomoyo kwa maneno aliyokuwa akiyatumia alipokuwa mtoto. Mara kukasikika mabishano chini, sauti mbili zikishindana ni nani amekosa mikutano mingi kuliko mwenzake, na Tony na Fairuz, mafundi wa umeme wa ndege, wakaingia pamoja wakisukumana mlangoni. Ukumbi ulipiga makofi hadi Mzee Abdulbasit akaamka, akaomba kahawa.

Lakini Awiti alisimama. "Akidi imetimia, tawi liko hai," alisema. "Kuna jambo la pili. Kiongozi aliyetoa taarifa za uongo hawezi kubaki na cheo. Hilo nalo liko katika katiba, na mimi siwezi kulifumbia macho."

Beverly akataka kumtetea, na wengine wakaguna. Nasiha aliinua mkono kuwazuia. "Ana haki," alisema. "Mchagueni mwingine." Wakamchagua Beverly, huku mtoto wake akiguguna mhogo. Nasiha akatoka mbele, akaenda kukaa safu ya tatu, kati ya Kombe na rubani. Roho ilimuuma, asiongopewe mtu. Kile kiti alikipenda. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi aligundua kwamba ana njaa.

Alipotoka nje kupunga hewa alimkuta mama yake amesimama kwenye kizingiti cha duka la vinyago, peke yake, amekunja mikono.

"Umejivua nguo mbele za watu, Nasiha," alisema Bi Mwanakuu, macho yamemjaa machozi ya hasira. "Cheo chako ki wapi sasa?"

"Kimekwenda, mama."

"Na hicho chama chenu?"

Juu yao viti vilikuwa vikiburutwa, watu wanabishana kwa furaha ni nani atakayetoa mada ya mwezi ujao, na mtu fulani alikuwa akiuliza kama vijana wa mtihani wa leseni wameambiwa waje.

"Kisikilize, mama," alisema Nasiha.

Bi Mwanakuu aliinua uso akasikiliza kwa muda. Kisha akanyoosha mkono akautengeneza ushungi wa mwanawe uliokuwa umelegea. "Mimi kuridhika sijaridhika," alisema. "Lakini wale huko juu ni watu kweli, si wa kuazima."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima wa kufunika haukumpa Nasiha mwanachama hata mmoja, na jioni moja ya kufunua iliujaza ukumbi. Alijivua nguo mbele za watu, akapoteza cheo, na tawi likazaliwa. Mficha uchi hazai.